Ziwa Tunalolinywa: Maswali ya Watu wa Mwanza kuhusu Maendeleo na Mazingira

Ukipanda mlima wa Bugando ukatazama chini, unaona kila kitu kinateremka: watu, maji ya mvua, taka, vumbi. Mwisho wa mteremko ni ziwa, Ziwa Victoria. Na ziwa hilohilo ndilo linalosukumwa na pampu kurudi mlimani hadi kwenye mabomba yetu. Maswali mengi ninayoulizwa mwaloni (pale mitumbwi inapoteremsha samaki), kwenye vikao vya mtaa na ndani ya daladala yanazunguka humohumo, hata pale muulizaji anapodhani anauliza jambo jingine. Nimeyakusanya hapa. Yanayohitaji maelezo nimeyapa nafasi, na yasiyohitaji nimeyajibu kwa mkato.

Mwanza imekua kiasi gani hasa?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509 katika mkoa mzima. Ya 2022 ikahesabu 3,699,872. Wameongezeka watu zaidi ya laki tisa ndani ya miaka kumi, na wengi wanataka kukaa karibu na mjini, ambako tambarare zilishajaa zamani. Ndiyo maana nyumba zimepanda juu ya miamba.

Sangara ni samaki wetu wa asili?

Hapana. Aliletwa katika miaka ya 1950, enzi za wakoloni, kwa hoja iliyoonekana nzuri wakati ule: ziwa limejaa furu, visamaki vidogo vyenye miiba visivyo na bei, basi tuweke samaki mkubwa awale hao, sisi tumle yeye. Sangara anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Alikaa kimya karibu miaka thelathini. Miaka ya 1980 ndipo alipolipuka, na Ghuba ya Mwanza ikabadilika mbele ya macho ya wavuvi. Inakadiriwa ziwa lilikuwa na aina 500 hivi za furu, na kama 200 kati ya hizo hazijaonekana tena.

Lakini si sangara peke yake. Wakati uleule maji yalikuwa yakichafuka kwa udongo na mbolea, hewa ikapungua vilindini, na nyavu zikaongezeka. Kumbebesha sangara lawama yote ni kujitoa sisi kwenye kesi.

Kuna jambo moja ambalo watu husahau. Furu alikaushwa kwa jua tu, juu ya mwamba, bila gharama. Sangara ana mafuta mengi, jua halimkaushi. Ukitaka kumhifadhi bila barafu lazima umbanike au umtie chumvi, na kumbanika kunahitaji kuni. Kubadilika kwa samaki majini kukaenda kukata miti nchi kavu, jambo ambalo hakuna aliyelipigia hesabu.

Viwanda vya minofu vilitusaidia au vilituibia?

Swali hili huulizwa kwa hasira kuliko yote, na mara nyingi muulizaji ameshajichagulia jibu.

Vilisaidia. Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vilivyopangana ufukweni vilileta mishahara, kodi, barabara za kwenda mialoni, mitambo ya barafu, kazi za udereva, ubebaji, ufundi wa injini. Mvuvi aliyezoea kusubiri mchuuzi wa baiskeli akawa anasubiriwa na gari lenye barafu. Nyumba nyingi za matofali unazoziona Igombe na Ukerewe zimetoka kwenye sangara.

Sasa upande wa pili. Mnofu ulipanda ndege, mji ukabaki na mifupa. Mapanki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia wenye nyama ya kubandua kwa kisu, yakawa kitoweo cha watu ambao babu zao walikula samaki mzima. Sisemi mapanki ni chakula kibaya, mchuzi wake wengine tunaupenda mpaka leo. Nasema tu kwamba hakuna aliyetuuliza kama tunataka kubadilishana. Mwenye mtumbwi, ambaye sisi tunamwita tajiri, alipata. Kijana anayevuta nyavu usiku alipata mgawo uliobaki baada ya mafuta, barafu, na deni la nyavu.

Halafu soko lenyewe halikuwa mikononi mwetu. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vimelea, ya kipindupindu, kisha ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Uamuzi unafanyika mbali, na asubuhi bei inaanguka mwaloni. Wengi hapo ndipo walipoelewa kwamba usafi wa choo cha kambi ya wavuvi una uhusiano na ada ya mtoto shuleni.

Siku hizi pesa kubwa iko kwenye mabondo. Kifuko cha hewa cha sangara, ambacho zamani tuliwatupia mbwa, kikikauka kinauzwa bei inayoipita nyama yenyewe kwa mbali, na kinaishia China. Mtu akikuonyesha mabondo machache ndani ya mfuko mweusi usicheke; huenda kabeba kodi ya nyumba ya mwaka.

Mbona sangara wakubwa hawaonekani?

Tumewavua kabla hawajazaa. Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Sangara jike huchelewa kukomaa kuliko dume, kwa hiyo ukila wadogo unakuwa unakula mama kabla hajawa mama. Zana zinazofanya kazi hiyo zinajulikana kwa majina: kokoro, linalokwangua ufukweni ambako samaki hutaga, na timba, nyavu za uzi mmoja wa plastiki ambazo samaki hazioni. Zikikatika na kuzama zinaendelea kuvua zenyewe, bila faida kwa mtu yeyote.

Kwa nini basi operesheni za kuchoma nyavu hazimalizi tatizo?

Kwa sababu moto unawashwa mwisho wa mnyororo. Kijana anachomewa nyavu, na wiki ijayo ananunua nyingine, kwa mkopo wa tajiri yuleyule, kutoka kwa muuzaji ambaye duka lake halikuguswa. Sasa ana madeni mawili, na mwenye madeni mawili atavua usiku, atavua chochote. Sipingi doria. Napenda ianzie kwenye godauni.

Na ziwa ni la nchi tatu. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda inafuata, Kenya ina kipande kidogo cha asilimia 6 hivi. Samaki hana pasipoti. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lilianzishwa 1994, makao yake yako Jinja, Uganda, ili kanuni zifanane. Huwa zinafanana kwenye karatasi.

Dagaa nao ni sehemu ya maendeleo?

Ndiyo, na naona wanadharauliwa. Dagaa huzaa haraka, wanarudi hata baada ya kuvuliwa sana, na kwa uzito ndio wanaoongoza sasa kwenye mavuno ya ziwa. Wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi hupumzika, maana dagaa hawafuati taa mbingu ikiwa inang'aa. Zamani taa ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Hii ni teknolojia ndogo, lakini imeondoa mafuta ya taa kumwagika majini kila usiku, na imempunguzia mvuvi gharama. Kama ningeulizwa nionyeshe maendeleo yasiyo na upande wa pili, ningeonyesha taa hizo, ingawa betri zake mbovu nazo lazima ziende mahali.

Kazi ya nchi kavu ni ya akina mama. Wakimwaga dagaa mchangani wanapata dagaa wenye mchanga, ambao wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Wakiwaanika juu ya chanja, ya miti na wavu, dagaa wanakauka upesi, wasafi, na bei inapanda. Nenda soko la Mwaloni Kirumba ukaulize bei ya aina zote mbili, utaelewa bila semina. Tatizo ni masika: mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, mzigo wote unaoza, na hasara ni ya mama aliyenunua kwa mkopo.

Vizimba vya samaki ni suluhisho?

Ni sehemu. Mwaka 2024 serikali ilikopesha wavuvi boti na vizimba kwa nguvu mpya, na sato wa kizimbani sasa wanauzwa kila kona. Lakini kizimba ni zizi lililo ndani ya maji. Chakula kinachobaki na kinyesi vinazama chini yake. Kikiwekwa mahali penye kina na mkondo, maji yanavisafirisha. Kikiwekwa kwenye ghuba iliyotulia, vinarundikana, vinaoza, vinakula hewa ya maji. Siku upepo unapogeuza maji ya chini kuja juu, samaki wote wanaelea matumbo juu na mkopo uko palepale. Kabla ya kuingia, uliza kina cha eneo, na uliza chakula kinatoka wapi, kwa sababu chakula ndicho gharama kubwa. Kingine cha kuangalia ni nani aliyekuwa akivua pale kabla ya kizimba kufungwa.

Maji ya bomba ni salama, ikiwa Mirongo unaingia ziwani hivyo ulivyo?

Mto Mirongo unapita katikati ya mji ukiwa na kila tulichoutupia: chupa, mafuta ya gereji, maji ya kuchinjia, na mengine ambayo tutayafikia hapa chini. Unamwaga katika ghuba ileile tunayochota. Maji ya mabomba yanatoka mitambo ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, iliyoko Capri Point, na sasa pia Butimba, mtambo ulioundwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Yanachujwa na kutiwa klorini. Yakitoka mtamboni ni salama kuliko ya kisima cha mtaani kilicho bondeni mwa vyoo, hilo sina shaka nalo.

Ila lazima tuelewe tunachokilipia. Ziwa hili si bahari. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa hakizidi sana mita 80. Maji yake mengi yanatoka kwenye mvua inayoliangukia moja kwa moja na hupotea kwa kugeuka mvuke, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja, unakoanza Mto Nile. Mvuke haubebi mbolea wala kinyesi. Ukiingiza uchafu, unabaki nao. Unalisha mwani wa kijani, ule unaofanya maji ya ufukweni yaonekane kama rangi iliyomwagwa. Aina nyingine za mwani huo zina sumu. Mwani ukifa, unaoza na kumaliza hewa vilindini. Kadiri maji ghafi yanavyochafuka, ndivyo mtambo unavyohitaji dawa na umeme zaidi, na hizo ziko kwenye bili yako. Kwa hiyo mtu anayesema Mirongo haumhusu kwa sababu anakaa Capri Point, angalau asome risiti yake.

Na si majitaka tu. Fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, nyingi inayoingia ziwani hushuka kutoka angani, ikiwa moshi na vumbi: mashamba yanayochomwa, udongo mtupu unaopeperushwa. Anayechoma majani wilayani Kwimba, mbali na ufukwe, anatia mbolea ziwani bila kulikanyaga.

Naishi mlimani. Choo changu kinahusikaje?

Kinahusika kuliko kiwanda, nami nimeishi mlimani, sisemi kwa kumdharau mtu. Juu ya mwamba huwezi kuchimba shimo. Unachimba futi chache unagonga jiwe. Gari la kunyonya majitaka halifiki, njia ni ngazi za mawe. Mvua kubwa ikija usiku, kuna watu wanaotapisha vyoo: wanafungua tundu, mvua inabeba. Asubuhi uchafu uko kwenye mitaro ya watu wa chini, mchana uko Mirongo, jioni uko ziwani. Kipindupindu kikizuka, kinaanzia bondeni kwa watu ambao hawakutapisha.

Hapa kuna habari njema ambayo haivumi kama madaraja. Jiji limepata mfumo rahisi wa majitaka kwa makazi ya mlimani, maeneo kama Igogo na Mabatini: mabomba membamba yanayofuata mteremko kati ya nyumba, yenye chemba ndogo, yanayopeleka majitaka kwenye mtandao mkubwa hadi mabwawa ya kusafishia majitaka ya Butuja. Mteremko ambao ulikuwa adui umegeuzwa kuwa pampu isiyolipiwa umeme. Ukiwa na nafasi ya kuunganishwa, unganishwa, na usitupe matambara wala pedi chooni, kwa sababu bomba jembamba likiziba linafumuka kwenye uwanja wa jirani yako wa chini, naye atajua ni wewe.

Ni kweli siruhusiwi kujenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani?

Ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwa, mto au bwawa. Utaniuliza: na hoteli zile? Nami nimewahi kuuliza. Nilichojibiwa ofisini hakikuwa jibu. Lakini anayetaka kununua kiwanja asitegemee hoteli ya jirani kuwa utetezi wake.

Kuna sababu nyingine ya kutojenga pale, nayo haihitaji sheria. Ziwa linasogea. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka mpaka gati zikabaki juu, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Mwaka 2020 likapanda hadi kuvuka alama ya miaka ya 1960, nyumba zikaingiwa na maji, mialo ikazama. Mwaka 2024 likapanda tena. Wazee wa Ukerewe hawakushangaa. Walikuwa wanajua ziwa lilifika wapi zamani, hatukuwauliza.

Magugu maji yamekwisha?

Hayaishi. Yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yakafunika ghuba katika miaka ya 1990, kisha yakapunguzwa na mbawakavu walioletwa kuyala, na kwa kung'oa kwa mikono. Yanarudi kila maji yanapopata mbolea ya kutosha, na mbolea tumeshaona inatoka wapi.

Daraja la Kigongo–Busisi limetuletea nini?

Limefunguliwa Juni 2025, linavuka Ghuba ya Mwanza kwa urefu wa kilomita 3 hivi, nami nalipenda bila aibu. Ambaye hajawahi kukaa kwenye foleni ya kivuko na mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando asinihutubie kuhusu gharama za zege. Safari iliyokuwa inasubiri zamu, upepo na injini sasa ni dakika chache.

Ila kulikuwa na mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa foleni hiyo: wauza mahindi ya kuchoma, samaki wa kukaanga, maji ya chupa, vijana wa kubeba mizigo. Gari halisimami tena. Kila mradi mkubwa una watu wa namna hiyo, ambao hawahesabiwi kama walioathirika kwa sababu hawakuvunjiwa nyumba. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, itakuwa na wa kwake. Ukikaa kwenye kikao cha mradi, uliza kuhusu hao kwanza.

Zebaki ya wachimbaji wa dhahabu inafika ziwani?

Inaweza. Mchimbaji mdogo wa Geita au Misungwi huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kisha huichoma. Mvuke wake anauvuta yeye na mkewe anayepika pembeni, mabaki yanabebwa na mvua. Ndani ya maji zebaki hupanda ngazi: kadudu, kisamaki, sangara mkubwa, wewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Kifaa cha kuinasa wakati wa kuchoma kipo na si cha ajabu; mtu aliye karibu na machimbo aanze kwa kudai hicho.

Watoto waoge ziwani?

Kichocho kipo, hasa ufukwe wenye majani na konokono. Mdudu huingia kwa kupenya ngozi, si lazima unywe maji. Dawa ipo, prazikwanteli, na hugawiwa shuleni. Ukiona damu kwenye choo cha mtoto usisubiri zamu ya shule, nenda zahanati.

Kiwanda kinataka kujengwa mtaani kwetu. Tuna sauti?

Mnayo, mradi mwahi. Mradi mkubwa hauanzi bila Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na wataalamu wake lazima wachukue maoni ya walio karibu. Kosa letu ni kwenda kikaoni kuuliza ajira ngapi na posho kiasi gani, kisha kusaini mahudhurio. Karatasi ya mahudhurio huambatishwa kwenye ripoti. Kwa hiyo kabla ya kusaini, hakikisheni yaliyosemwa yameandikwa: majitaka yatakwenda wapi, bomba litatokea usawa gani wa ufukwe, nani atapima maji na matokeo yatabandikwa wapi. Ombeni nakala ya muhtasari ibaki ofisi ya mtaa. Sheria inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, lakini haki isiyo na muhtasari ni ngumu kuibeba.

Nataka kumwonyesha mwanangu furu. Nimpeleke wapi?

Saanane. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji, unapanda boti Capri Point na unafika kabla mtoto hajachoka kuuliza. Kwenye miamba ya visiwa kama hivyo walibaki furu wa mawe, ambao Wasukuma huwaita mbipi, kwa sababu sangara hawezi kuingia kwenye nyufa.

Mwambie kitu kimoja kabla hajainama kuchungulia. Majike wa mbipi huchagua mume kwa rangi, wengine wanataka mwekundu, wengine wa buluu. Utafiti uliofanywa ziwani hapa na kuchapishwa 1997 ulionyesha kwamba maji yakiwa na tope, mwanga haufiki vizuri, majike hawatofautishi rangi, na aina mbili zinachanganyikana mpaka inabaki moja, ya kijivujivu. Hakuna aliyewavua wala kuwala. Kwa hiyo mtoto akisema haoni rangi, achungulie kwanza upande wa kisiwa ambako maji ni maangavu zaidi.